Tiro, Nebukadreza na Kipimo cha Unabii

Miongoni mwa hoja zinazotolewa kuthibitisha kwamba Biblia ni neno la Mungu, ile ya unabii uliotimia ndiyo inayopendwa zaidi na wahubiri, na ndani yake mfano unaorudiwa kwa kujiamini kuliko mingi ni ule wa mji wa Tiro. Utausikia katika mikutano ya injili, katika mihadhara ya hadharani ambako Wakristo na Waislamu hujadiliana juu ya vitabu vyao, na katika masomo ya Biblia ya vijana. Husimuliwa hivi: nabii Ezekieli alitangaza, zaidi ya karne mbili kabla, kwamba Tiro itabomolewa, mawe na mbao zake zitatupwa majini, mahali pake patabaki jabali tupu la kuanikia nyavu, na mji hautajengwa tena, mwaka 332 KK akaja Aleksanda Mkuu, mfalme wa Makedonia, akatupa vifusi baharini, na hata leo wavuvi huanika nyavu zao hapo. Kisha msikilizaji huulizwa ni binadamu gani angeweza kuyajua hayo kwa akili yake mwenyewe.

Mimi ni Mkristo, na ninaamini kwamba manabii wa Israeli walisema kwa niaba ya Mungu. Kwa sababu hiyo hiyo hoja hii inaniudhi, kwa kuwa inatetea kitabu cha Ezekieli kwa kuzifumbia macho kurasa za Ezekieli mwenyewe. Sura tatu tu baada ya utabiri huo, kitabu kile kile kinarudi kwenye habari za Tiro na kusema jambo ambalo sijawahi kulisikia likisomwa kwa sauti katika mkutano wowote wa injili. Anayetaka kujua kama unabii wa Biblia ulitimia kweli hana budi kuanzia hapo, kwenye maandiko yenyewe, kabla hajafika kwa Aleksanda.

Ezekieli alikuwa kuhani aliyechukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK, Wababeli walipoiteka Yerusalemu mara ya kwanza. Aliishi Tel-abibu, kwenye mto Kebari, katika nchi ya Babeli, na aliandika tarehe za maneno yake kwa uangalifu ambao manabii wengi hawakuwa nao. Utabiri wa sura ya 26 ameupa tarehe ya mwaka wa kumi na moja wa uhamisho, yaani mwaka 587 au 586 KK, wakati Yerusalemu ilipokuwa inaanguka au imekwisha kuanguka. Sababu ya hasira imeelezwa waziwazi: Tiro iliishangilia Yerusalemu iliyovunjika, ikitarajia kwamba biashara iliyopita katika lango la jirani yake sasa ingeigeukia yenyewe.

Tiro hiyo haikuwa mji wa kawaida. Sehemu yake kuu ilikuwa kisiwa, mita zipatazo 700 kutoka pwani ya nchi inayoitwa leo Lebanoni, chenye kuta ndefu na bandari mbili, na upande wa bara palikuwa na makazi mengine yaliyokilisha kisiwa na kukipatia maji. Ezekieli aliujua mji huo vizuri. Sura ya 27 inaieleza Tiro kama merikebu iliyoundwa kwa misunobari na mierezi, yenye makasia ya mialoni ya Bashani na tanga la kitani cha Misri, kisha inaorodhesha bidhaa na mataifa yaliyofanya biashara nayo, kuanzia fedha na bati za Tarshishi hadi manukato na vito vya Sheba. Mtu aliyeweza kuandika hivyo hakuwa akibahatisha habari za mji asioujua, na alipoutabiria maangamizi alijua fika kwamba ni kisiwa. Anauita mara kwa mara mji ulio katikati ya bahari.

Sasa tusome alichokisema. Katika aya za mwanzo za sura ya 26, Mungu anasema ataleta mataifa mengi juu ya Tiro kama bahari inavyoleta mawimbi yake. Mara moja, kuanzia aya ya 7, mshambuliaji anatajwa kwa jina: Nebukadreza mfalme wa Babeli. Yeye atawaua kwa upanga watu wa vijiji vya bara, atajenga boma na kuinua ngazi ya udongo, atazipiga kuta kwa magogo ya kubomolea, kwato za farasi wake zitakanyaga njia zote za mji, na watu wa mji watauawa. Utajiri utatekwa, nyumba za kupendeza zitabomolewa, mawe na mbao na udongo vitatupwa majini. Tiro haitajengwa tena, na mwishoni mwa sura inasemwa kwamba itatafutwa wala haitaonekana tena milele.

Nebukadreza alikuja kweli. Mwanahistoria Myahudi Josephus, akinukuu kumbukumbu za Wafoinike, anaandika kwamba aliuzingira mji huo kwa miaka 13, enzi za mfalme Ithobali, na kibao cha udongo kutoka Babeli kinataja posho ya chakula ya mfalme na askari waliokwenda naye Tiro. Kwa hiyo vita yenyewe haina ubishi. Wanahistoria wengi wanaiweka kati ya mwaka 585 na 573 KK hivi. Lakini kisiwa hakikutekwa kwa nguvu. Babeli haikuwa na merikebu za kukizingira pande zote, na Tiro iliendelea kujilisha kwa njia ya bahari. Mwisho wake unaelekea kuwa ni mapatano: mji ulikubali utawala wa Babeli, Ithobali akatoweka katika orodha ya wafalme, mwingine akashika mahali pake, na miaka kadhaa baadaye, kwa mujibu wa Josephus yule yule, watu wa Tiro walituma ujumbe Babeli kuwachukua wana wa jamaa ya kifalme waje kuwatawala. Tiro ilishindwa kisiasa, lakini kuta zake zilibaki zimesimama na watu wake hawakuchinjwa njiani.

Hayo si maneno ya maadui wa Biblia peke yao. Fungua Ezekieli 29, aya ya 17 hadi 20. Tarehe iliyoandikwa hapo ni mwaka wa 27 wa uhamisho, yaani 571 KK, yapata miaka 16 baada ya utabiri wa kwanza, na hilo ndilo neno lenye tarehe ya mwisho kuliko yote katika kitabu kizima. Mungu anamwambia nabii kwamba Nebukadreza amelitumikisha jeshi lake utumishi mkubwa juu ya Tiro, kila kichwa kimepata upara na kila bega limechubuka, na bado yeye na jeshi lake hawakupata ujira wowote kutoka Tiro kwa kazi ile. Soma polepole. Vichwa hivyo vyenye upara na mabega hayo yaliyochubuka ni ya askari waliobeba udongo na mawe ya boma kwa miaka mingi. Sura ya 26 iliahidi kwamba utajiri wa Tiro ungetekwa; sura ya 29 inasema mshambuliaji aliondoka mikono mitupu, na sasa atapewa Misri iwe malipo yake.

Kwa maoni yangu, aya hizo nne zina uzito kuliko hoja yote ya Aleksanda, kwa kuwa ni ushahidi wa nabii mwenyewe, ulioandikwa na yeye au na wanafunzi wake wa karibu, na unaonyesha jinsi walivyouelewa utabiri wa kwanza. Waliuelewa kwamba ulimhusu Nebukadreza. Walipoona haukwenda kama ulivyotamkwa, hawakusema kwamba tusubiri mfalme wa Makedonia atakayekuja karne mbili na nusu baadaye. Waliandika kwamba kazi ilifanyika na ujira haukupatikana, wakaendelea.

Watetezi hujibu kwamba sura ya 26 ina tabaka mbili. Wanasema aya ya 3 inataja mataifa mengi, na kwamba aya ya 12 inaacha kusema “yeye” na kuanza kusema “wao”, kwa hiyo aya za 7 hadi 11 ni za Nebukadreza na aya ya 12 na kuendelea ni za mataifa mengine, hususan Aleksanda. Sina budi kukiri kwamba hoja hii imefikiriwa, na mawimbi ya aya ya 3 yanaipa nguvu kidogo. Hata hivyo haiwezi kubeba mzigo inaotwikwa. Mabadiliko ya “yeye” kuwa “wao” ni jambo la kawaida pale mfalme na jeshi lake wanapotajwa katika habari moja, na “wao” walio karibu zaidi katika kifungu ni farasi, magari na askari wa Nebukadreza wenyewe. Zaidi ya hapo, kugawa hivyo hakuponyi aya za 10 na 11, ambazo bila shaka yoyote ni za Nebukadreza, na ambazo zinasema ataingia katika malango ya mji na kuzikanyaga njia zake zote. Hakuingia.

Wengine hujaribu njia tofauti na kusema kwamba Nebukadreza aliharibu makazi ya upande wa bara, na hiyo ndiyo Tiro iliyotabiriwa. Hapa tatizo ni kwamba Ezekieli mwenyewe ameyatenga makazi hayo. Anayaita binti za Tiro walioko mashamba, na anayashughulikia katika aya ya 6 na ya 8 kabla ya kugeukia mji wenye kuta na minara. Mji ulio katikati ya bahari hauwezi kuwa pwani pale tu tunapohitaji uwe pwani.

Aleksanda naye tumpe haki yake, kwa sababu alichokifanya kinashangaza. Mwaka 332 KK, Tiro ilipomkatalia ruhusa ya kutoa dhabihu katika hekalu la Melkarti, mungu wa Tiro, ndani ya kisiwa, aliamuru njia ya udongo na mawe ijengwe kutoka bara hadi kisiwani, na vifusi vya makazi ya bara vilitumika kuijenga. Baada ya miezi saba mji ulianguka. Mwanahistoria Arrian anaandika kwamba watu 8,000 waliuawa na 30,000 wakauzwa utumwani. Yeyote anayesoma kuhusu mawe na udongo vilivyotupwa majini, kisha akasoma habari za njia hiyo, lazima ashtuke, na sidhani ni uaminifu kumcheka mtu aliyeshtuka. Mfanano upo.

Lakini utabiri haukuishia kwenye vifusi. Ulisema mji hautajengwa tena, wala hautaonekana tena, na hapo historia imenyoosha mkono upande wa pili. Mwaka 315 KK, chini ya miaka 20 baada ya Aleksanda, Antigonus, mmoja wa majemadari waliogombania milki yake, aliizingira Tiro tena, nao mji ukamkatalia kwa muda wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Mji ulioangamizwa milele haustahimili mazingiwa ya zaidi ya mwaka. Katika zama za Warumi Tiro ilikuwa na uwanja mkubwa wa mashindano ya magari ya farasi, wenye urefu wa mita zipatazo 480, ambao magofu yake yangali yanaonekana upande wa bara, pale pale panapodaiwa kubaki jangwa. Yesu alikwenda katika sehemu za Tiro. Paulo, kwa mujibu wa Matendo 21, alishuka Tiro wakati merikebu ikipakua shehena yake, akawakuta wanafunzi, akakaa nao siku saba. Walipoagana, walisindikizana pamoja na wake na watoto hadi nje ya mji, wakapiga magoti pwani wakaomba. Hao walikuwa Wakristo wa mji ambao wahubiri wetu wanasema ulikuwa umefutika. Mwaka 335 BK maaskofu walikutana Tiro kumhukumu askofu Athanasius wa Aleksandria. Mwaka 1124 Wapiganaji wa Msalaba waliuteka, na mwaka 1291 Wamamluki, watawala wa Misri, wakauchukua na kuubomoa vibaya. Leo unaitwa Sur, una makumi ya maelfu ya wakazi, na magofu yake yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984. Nyavu zinaanikwa kweli, kando ya bandari ndogo ya wavuvi, chini ya madirisha ya nyumba za watu.

Jambo la Misri nalipitia kwa haraka, ingawa linaumiza hoja zaidi. Sura hiyo hiyo ya 29 inasema nchi ya Misri itakuwa ukiwa kutoka Migdoli hadi Sewene kwa miaka 40, mguu wa mtu usipite ndani yake, na watu wake watawanyike kati ya mataifa. Kuna kipande cha kibao cha Babeli kinachoonyesha kwamba Nebukadreza alipigana na Misri mwaka 568 au 567 KK, lakini hakuiteka; Farao Amasisi aliitawala hadi mwaka 526 KK, na mwanahistoria Mgiriki Herodotus anaueleza utawala wake kuwa wakati wa neema kubwa. Huko Sewene kwenyewe, ambako leo ni Aswan, jamii ya Wayahudi waliokuwa askari katika kisiwa cha Elephantine iliacha barua ya mwaka 407 KK inayosema kwamba baba zao walijenga hekalu pale katika siku za wafalme wa Misri, kabla ya Kambise, mfalme wa Uajemi, kuingia nchini mwaka 525 KK. Wana wa Israeli walikuwa wakijenga na kuabudu karibu na mpaka ule ule wa ukiwa.

Kufikia hapa msomaji asiyeamini ataona kazi imekwisha. Haijakwisha, kwa sababu wanaoupinga unabii nao wana njia zao za mkato, na zinastahili kukaguliwa kwa ukali ule ule.

Chukua kitabu cha Danieli. Mtu wa kwanza tunayemjua kuandika kwa kirefu kwamba kitabu hicho kilitungwa karne ya 2 KK alikuwa mwanafalsafa Porphyry, aliyezaliwa Tiro karibu mwaka 234 BK, na hoja zake zimetufikia hasa kwa sababu Jerome, mtafsiri wa Biblia wa Kilatini, alizinukuu ili kuzipinga. Kuna namna mbili za kuitetea hoja hiyo. Ya kwanza inasema kwamba sura ya 11 inaeleza vita vya wafalme wa kaskazini na wa kusini kwa usahihi mno, na kwa kuwa mwanadamu hawezi kujua yajayo, lazima iliandikwa baada ya matukio. Hiyo si hoja ya historia. Ni imani iliyotangulia ushahidi, na Mkristo ana haki ya kuikataa. Namna ya pili ni nyingine kabisa. Inasema usahihi huo unaendelea hadi mfalme Antioko wa Nne wa Siria alipolitia unajisi hekalu mwaka 167 KK, kisha kuanzia aya ya 40 unakatika: mfalme anatabiriwa kuivamia Misri tena na kufikia mwisho wake akiwa amepiga hema zake kati ya bahari na mlima mtakatifu, ilhali Antioko alifia upande wa Uajemi mwaka 164 KK, kama inavyosimuliwa pia katika 1 Makabayo 6. Hoja ya pili haihitaji kudai kwamba utabiri hauwezekani. Inaonyesha tu mahali ambapo mwandishi anaelekea kuwa alisimama. Ninaiona kuwa na nguvu sana, na jibu la kwamba aya zile za mwisho zinaruka hadi mfalme wa siku za mwisho linafanana mno na jibu la Aleksanda.

Kosa la ile namna ya kwanza linajitokeza tena katika Injili ya Marko. Yesu anasema katika sura ya 13 kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe katika hekalu la Yerusalemu, na hekalu liliteketezwa na Warumi mwaka 70 BK. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo peke yake kwamba Injili iliandikwa baada ya mwaka 70. Josephus anawajibu bila kukusudia. Anasimulia habari za mkulima mmoja, Yesu mwana wa Anania, aliyeanza kutembea Yerusalemu mwaka 62 BK akilia ole juu ya mji na hekalu, akapigwa mijeledi mbele ya liwali Mroma hadi mifupa ikaonekana, akaendelea kulia hivyo kwa miaka saba na miezi mitano, hadi jiwe la Warumi lilipomuua juu ya ukuta wakati wa mazingiwa. Hakuna mwanahistoria anayelazimika kuamini kwamba hadithi hiyo ilibuniwa kwa kuwa tu mkulima yule alisema kweli. Kuona msiba unakuja na kuutangaza ni jambo lililowahi kutokea, na tarehe ya Marko itafutwe kwa ushahidi mwingine. Wala wanaoonyesha Ukuta wa Magharibi kuwa mawe yaliyosalia hawasemi la maana, maana ukuta ule ulishikilia kiwanja cha hekalu, haukuwa sehemu ya jengo lililoangushwa. Ugumu halisi wa sura ile upo katika aya ya 30, kwamba kizazi hiki hakitapita hata hayo yote yatimie, na anayetaka kujadili kwa haki aanzie hapo aache mawe.

Turudi basi kwa Tiro na swali linalobaki: kama neno halikuja kama lilivyosemwa, je, Ezekieli alikuwa nabii wa uongo? Kumbukumbu la Torati 18:22 linaweka kipimo kilicho wazi, kwamba neno lililotamkwa kwa jina la Bwana lisipotimia, Bwana hakulinena. Kikitumika peke yake kwa Tiro, kipimo hicho ni kikali mno. Lakini waliokiandika na kukitunza walitunza pia Yeremia 18, ambamo Mungu anasema, katika nyumba ya mfinyanzi, kwamba akitangaza kuling’oa taifa na taifa hilo likageuka, atayaghairi mabaya aliyokusudia kulitenda. Walitunza Yona, ambamo siku 40 za Ninawi zilitangazwa bila sharti lolote na zikapita bila maangamizi.

Tena kuna Yeremia 27, sura ambayo nashangaa jinsi inavyosahaulika katika mjadala huu. Hapo Yeremia anaagizwa kutengeneza vifungo na nira, na kuwapelekea ujumbe wafalme wa nchi jirani, na mfalme wa Tiro anatajwa waziwazi pamoja nao. Ujumbe ni kwamba taifa litakalotia shingo yake katika nira ya mfalme wa Babeli litaachwa likae katika nchi yake na kuilima, na litakalokataa litaangamizwa kwa upanga, njaa na tauni. Tiro ilikataa kwa miaka 13, halafu ikatia shingo. Ikaachwa ikae. Kwa kipimo cha Yeremia, kilichotokea mwaka 573 KK hakihitaji kufichwa wala kurekebishwa. Ndicho alichosema kingewapata waliojisalimisha.

Ninaukubali usomaji huu, lakini sitadai kwamba hauna gharama. Gharama yake ni kubwa, na wahubiri wanaupita kwa sababu wanaijua. Utabiri wenye sharti la siri ndani yake hauwezi kutumika kuwa uthibitisho mbele ya asiyeamini, kwa kuwa ukitimia utasema neno lilikuja, na usipotimia utasema watu waligeuka. Ni kama mganga anayeahidi mvua akikosea husema wanakijiji hawakufuata mwiko. Hatuwezi kuutumia msamaha wa Yeremia 18 pale utabiri ulipokwama, halafu papo hapo tukawaringia Waislamu na wasio na dini kwa utabiri tunaodai ulitimia herufi kwa herufi. Lazima tuchague. Ama unabii ni orodha ya matukio ya kukaguliwa, na hapo Tiro na Misri zitatushinda, ama ni onyo la Mungu kwa watu walio hai, lenye nafasi ya kugeuka, na hapo tuache kuliuza kama hati ya uthibitisho. Nimechagua la pili, kwa sababu naona manabii wenyewe na wazee wa Yuda walilichagua kabla yetu.

Ushahidi wa hilo umo katika kesi iliyoelezwa katika Yeremia 26. Mwanzoni mwa utawala wa Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, Yeremia alisimama katika ua wa hekalu akasema nyumba hiyo itakuwa kama Shilo, mahali patakatifu pa zamani palipoharibiwa, na mji utakuwa laana. Makuhani na manabii wakamkamata, wakataka auawe. Ndipo wazee wa nchi wakasimama na kuutaja utabiri wa Mika Mmorashti wa siku za mfalme Hezekia, yapata karne moja nyuma: Sayuni italimwa kama shamba, Yerusalemu itakuwa magofu. Utabiri huo, ulioko hadi leo katika Mika 3:12, haukuwa na sharti lolote, na siku wanapoutaja mji ungali umesimama, hekalu lingali limesimama, na wao wenyewe wako ndani yake. Kwa kipimo cha mahubiri yetu ya leo wangepaswa kumtetea Mika au kumkana. Hawakufanya lolote kati ya hayo mawili. Waliuliza kama Hezekia alimuua Mika. Wakajibu kwamba alimcha Bwana na kumsihi, naye Bwana akayaghairi mabaya. Kwa hoja hiyo Yeremia alipata watetezi na Ahikamu mwana wa Shafani akamlinda, lakini Uria mwana wa Shemaya, aliyetabiri maneno yale yale, alifuatwa hadi Misri, akarudishwa, akauawa kwa upanga wa mfalme, na mzoga wake ukatupwa katika makaburi ya watu wasio na cheo.